UZI: Mnasema "afya haina bei". Basi tuongee nani anaamua dawa ipi inunuliwe na ipi iachwe

#1 Mpangaji wa Makole (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa juzi wa dawa kukosekana, kila baada ya bandiko mbili tatu mtu anamalizia na "afya haina bei". Nikaona nifungue uzi wa pembeni, maana kule ningeonekana nimekuja kucheka msibani.

Shughuli zangu ni mipango na bajeti za afya ngazi ya halmashauri, huku kanda ya kati. Halmashauri ipi, hilo tuachane nalo. Kila mwaka tukijifungia kuandika Mpango Kabambe wa Afya tunaiandikia afya bei mstari kwa mstari: dawa hizi kiasi hiki, mafuta ya gari la chanjo kiasi hiki, choo cha zahanati kiasi hiki. Shilingi ikishaingia mstari mmoja imetoka mwingine. Ndiyo maana mchumi akiulizwa dawa fulani inagharimu kiasi gani haishii kwenye bei ya boksi. Anauliza hela hiyohiyo ingefanya nini kama ingepelekwa kwingine.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kuchagua kunafanyika, tupende tusipende. Kuna kuchagua kwa hesabu iliyoandikwa mahali ambapo mtu anaweza kuipinga, na kuna kuchagua kwa dawa kuisha: aliyekuja Jumatatu kapata, wa Alhamisi anaandikiwa karatasi akanunue nje. Huo wa pili nao ni mgao, ila hauna mwenyewe.

Hesabu ndogo, namba za kutunga ili tuelewane. Dawa ya zamani dozi ni 2,000, inaponya wagonjwa 80 kati ya 100. Dawa mpya dozi ni 10,000, inaponya 90. Mwenye haraka atagawanya: ya zamani 2,500 kwa kila aliyepona, mpya kama 11,100, basi mpya ni ghali mara nne na ushee, tufunge kikao. Subiri kwanza. Wale 80 unawaponya tayari kwa dawa ya zamani. Unachokwenda kununua ni wale 10 wa nyongeza, na kwa wagonjwa 100 umeongeza 800,000. Kwa hiyo kila mmoja wa hao 10 anakula 80,000. Hiyo 80,000 ndiyo namba ya kujadili, na haijaandikwa kwenye boksi lolote.

Sasa ongeza kitu kimoja. Tuseme kila asiyepona anarudi amezidiwa, analazwa, na kulazwa kunakula 100,000. Dawa mpya imekuepusha kulaza watu 10, yaani milioni moja. Umetumia laki nane zaidi, ukaokoa milioni. Ile ghali ndiyo imekuwa nafuu.

Malaria nchini imepitia njia hiyohiyo. Klorokwini ilikuwa bei chee, vimelea vikaizoea. 2001 tukahamia SP, dawa nyingine ya malaria, nayo ikachoka. 2006 tukahamia dawa mseto, ALu, iliyokuwa ghali kwa mbali. Aliyeangalia boksi pekee angebaki na klorokwini, na wodi zimefurika.

Kulinganisha dawa mbili za ugonjwa mmoja ni kazi nyepesi. Utata unaanza pale upasuaji wa mtoto wa jicho unapogombea fungu na vidonge vya presha. Hapo ndipo ilipotengenezwa QALY: mwaka mmoja wa kuishi ukiwa mzima kabisa unapewa 1, kifo 0, na hali za katikati zinapewa sehemu. Tuseme kuishi bila kuona kumepewa 0.6 na kuishi unaona 0.9. Bibi aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho anapata 0.3 kila mwaka, akiishi miaka 10 amepata miaka 3 timilifu, wakati siku zake za kuishi hazijaongezeka hata moja. Kuna ndugu yake, DALY, anayehesabu kinyume, yaani miaka iliyopotea kwa kufa mapema na kwa ulemavu. Huyo alipata umaarufu na ripoti ya Benki ya Dunia ya 1993 iliyohusu uwekezaji kwenye afya.

Waingereza walianzisha chombo chao cha kupima dawa ipi inafaa kulipiwa 1999, kinaitwa NICE, na kwa miaka mingi mstari wao ulikuwa paundi 20,000 hadi 30,000 kwa kila QALY ya nyongeza. Nchi kama yetu tulipewa kanuni nyingine iliyotokana na tume ya WHO ya 2001: kama mwaka mmoja wa afya unagharimu chini ya pato la taifa kwa kichwa, inalipa sana, chini ya mara tatu ya pato hilo, bado inalipa. Pato letu liko kama dola 1,200 kwa mwaka. Mara tatu yake ni 3,600. Kwa kipimo hicho karibu kila dawa inapita, na ukizijumlisha zote bajeti inapasuka kabla hujafika nusu. 2016 wataalamu wa WHO wenyewe waliandika kwamba ule mstari usitumiwe peke yake kuamua. Mstari wa kweli kwetu uko chini zaidi, kwa sababu hela yetu ikienda kwenye chanjo, chandarua, au ORS na zinki za kutibu kuharisha, inanunua mwaka wa afya kwa bei ndogo mno. Dawa mpya inashindana na hivyo, haishindani na pato la taifa.

Karibuni. Matusi wekeni pembeni.

#2 Zabibu Chungu

Mkuu umeshusha nondo, ila nilipofika "tuseme" ya pili nikajua umetoka kwenye kikao cha posho.

Swali langu moja. Hizo hesabu anazileta nani? Si muuza dawa mwenyewe?

#3 Nesi wa Bahi

Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Mimi niko wodini. Enzi za kwinini, mtoto wa malaria kali akifika usiku unaanza: pima uzito, kokotoa dozi, changanya kwenye dripu ya sukari, ipite taratibu kwa saa nne. Saa nane tangu uanze ya kwanza, unafunga nyingine. Ikienda mbio moyo unavurugika, na sukari ya mtoto inaweza kushuka ukidhani amelala. Kwa hiyo unasimama unahesabu matone kwa saa ya mkononi, huku chumba cha pili kuna mama anasukuma, na zamu ya usiku uko peke yako.

Leo naitumia artesuneti. Nachanganya, nachoma, nachoma tena baada ya saa 12, tena ikifika saa 24, baadaye ni mara moja kwa siku mpaka mtoto aweze kumeza vidonge. Kichupa ni ghali kuliko kwinini, hilo nakubali. Lakini kwenye karatasi zenu za bajeti nani aliiandika ile dripu, kanula, mpira wake, na saa zangu?

#4 Mpangaji wa Makole

Dada Nesi, umetaja kitu ambacho kwenye semina wanakizungusha nusu siku. Utafiti mkubwa wa kulinganisha hizo mbili ulitoka 2010: watoto 5,425, vituo 11 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo. Waliopewa kwinini walikufa asilimia 10.9, waliopewa artesuneti asilimia 8.5. Yaani katika kila watoto 40 hivi unaowabadilishia dawa, mmoja zaidi anarudi nyumbani. Ukichukua tofauti ya bei ya vichupa kwa watoto 40, ukatoa dripu na kanula na muda wa nesi, kinachobaki kama bei ya uhai wa huyo mmoja ni kidogo kiasi kwamba hakuna mkaguzi wa kukisogelea. WHO ikabadili mwongozo wa watoto mwaka uliofuata.

Na muda wako kweli huwa hauandikwi. Mshahara unalipwa na fungu jingine, kwa hiyo kwenye karatasi ya dawa unaonekana ni bure. Vilevile nauli ya bodaboda ya mama na siku mbili alizoacha shamba wakati mvua imeshika havionekani popote, kwa sababu anayepiga hesabu ni serikali na hela iliyotoka ni ya mama. Kwa hiyo ukiletewa hesabu ya dawa uliza mapema: ni gharama za mfuko wa nani zimewekwa humu? Kuna "akiba" nyingi sana za serikali ambazo ni gharama zilizohamishiwa kwa mgonjwa.

Zabibu, nakuja kwako.

#5 Mama Wawili, Nkuhungu

Mleta mada, nimekusoma mpaka mwisho na sina ugomvi na kujumlisha na kutoa. Mtoto wangu mkubwa ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa sikoseli, yuko darasa la tatu. Anatumia kidonge kila siku, kile cha haidroksiyurea. Hospitali moja hapa mjini nilishaambiwa imeisha, nirudi wiki ijayo, nikazunguka maduka ya dawa mpaka nikapata kwa bei ambayo sitaki kuikumbuka.

Ninachotaka kujua ni hizo 0.6 na 0.9. Alizitoa nani? Mtoto wangu aliulizwa? Kuna siku anacheza rede na wenzake huwezi kumtofautisha, kuna siku mifupa inamuuma hawezi kuguswa shuka. Siku ipi mlimpimia? Na kama kwa hesabu zenu uhai wake una thamani ya nusu, akiugua malaria pamoja na wa jirani, mtaokoa wa jirani kwanza?

#6 Mpangaji wa Makole

Mama, hili la mwisho wenye fani yao wanalijua kuwa ni donda. Ukipiga QALY bila akili, kuokoa mtu mwenye ulemavu kunaonekana kumeleta faida ndogo kuliko kuokoa asiye nao, kwa sababu tu alianza chini. Ndiyo sababu mojawapo Marekani sheria yao ya afya ya 2010 ilizuia bima yao ya wazee, Medicare, kutumia mstari wa gharama kwa QALY kuamua inalipia nini.

Kuhusu nani alizitoa: mara nyingi wanaulizwa watu wa kawaida, wengi wao hawana ugonjwa huo. Wanaambiwa, "miaka 10 katika hali hii, ungekubali kuibadilisha na miaka mingapi ya uzima kamili?" Akisema 6, hali hiyo inaandikwa 0.6. Na tafiti nyingi za Afrika zimeazima namba za watu wa nchi nyingine, wakati maumivu ya mtu wa Nkuhungu hayajulikani na mtu wa London. Mimi nazitumia kama makadirio ya kuanzia mazungumzo, na nikiona mtu anazisoma kama Msahafu namkimbia.

Ila kwa dawa ya mwanao, hesabu iko upande wako kabisa. Utafiti wa nchi nne za Afrika uliotoka 2019 ulionyesha watoto wa selimundu wanaotumia haidroksiyurea wanapungukiwa na mashambulizi ya maumivu, kuongezewa damu, malaria na hata vifo. Kila chupa ya damu isiyotundikwa na kila kitanda kisicholaliwa ni hela. Nchi yetu inazaa watoto kama 11,000 wa selimundu kila mwaka, tuko kwenye nchi chache za juu kabisa duniani. Dawa ya namna hiyo ikikosekana kabatini, uchumi hauna cha kujitetea. Hapo ni maoteo mabovu, mtu hakuagiza ya kutosha.

#7 Kijana wa Ng'ong'ona

Mkuu hapo umeruka moja. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapahapa Dodoma wameanza kupandikiza uloto (ute wa ndani ya mifupa) kwa watoto wa selimundu 2023, na figo wanapandikiza tangu 2018. Kwa hesabu zako si ungefuta yote upeleke kwenye ORS na zinki?

#8 Mpangaji wa Makole

Nisingefuta, na ngoja nieleze kwa figo, ndiyo ninayoimudu.

Kusafisha damu ni mara tatu kwa wiki. Tuseme kila mara ni 150,000 (nimeshuka makusudi, msinirukie). Mwaka mmoja ni milioni 23.4, mwaka wa pili tena, wa tatu tena. Upandikizaji unakula hela nyingi mara moja, kisha unabaki na dawa za kuzuia mwili usiikatae figo, za kila siku maisha yote. Ukiwa umeshakubali kumsafisha mtu damu, kumpandikiza kunaanza kulipa ndani ya miaka michache, na anarudi kazini. Yaani upandikizaji usiulinganishe na ORS. Ulinganishe na kile ambacho tayari unalipia.

Lakini je, kusafisha damu kwenyewe kunapita mtihani? Thailand walipiga hesabu yao kwa makini wakaona hakupiti. Wakalipia hata hivyo, kuanzia 2008, kwa sababu familia zilikuwa zinauza mashamba na nyumba. Wakaweka masharti: anza na ile njia ya kusafishia tumboni ambayo mgonjwa anaifanya nyumbani, maana mashine na wauguzi wa vituoni wasingetosha. 2022 wakalegeza, mgonjwa akaruhusiwa kuchagua. Mimi nawaheshimu Wathai kwa hilo. Hawakuipindisha hesabu ili ikubali. Waliiacha iseme "hailipi", wakasema "tunalipia, na sababu ni hii".

#9 Zabibu Chungu

Nangoja jibu langu tangu asubuhi. Halafu haya mambo ya kupanga magonjwa kwa namba yalishajaribiwa Oregon, Marekani, mwaka 1990. Kompyuta ikawatolea orodha, kuweka kofia ya jino kukawa juu ya upasuaji wa kidole tumbo. Dunia nzima ikacheka. Hiyo ndiyo sayansi mnayotuletea?

#10 Mpangaji wa Makole

Umenipiga pazuri. Oregon ni kweli, na kosa lao linafundisha. Kofia ya jino ni rahisi na wanaohitaji ni wengi, kidole tumbo ni operesheni ghali kwa mtu mmoja, wakagawanya gharama kwa faida wakapata upuuzi. Yule wa kidole tumbo anakufa wiki hii na ana jina, na hakuna jamii iliyo tayari kumtazama tu akifa kwa sababu ya meno ya watu wengine. Waliiweka pembeni orodha ile wakaandika upya kwa kukaa na wananchi.

Kuhusu muuza dawa: ndiyo, mara nyingi analeta yeye, na hesabu zake zina tabia ya kumpendelea, tena kwa ufundi. Anachagua kujilinganisha na dawa dhaifu, au anadhani faida itadumu miaka 20 wakati utafiti wake ulikuwa wa miezi sita. Kule Uingereza kampuni ikipeleka hesabu, kundi la watafiti wa chuo wasio na maslahi linaifumua. Bila mtu wa kuifumua, afadhali usiipokee.

Ila geuza hiyo silaha. Rudi kwenye mfano wangu wa kwanza. Tuseme tumekubaliana hatuwezi kutoa zaidi ya 40,000 kwa kila mgonjwa wa nyongeza anayepona, na ile ya kulazwa tuiache pembeni kwanza. Wale 10 mara 40,000 ni laki nne, ukigawa kwa wagonjwa 100 ni 4,000 juu ya ile 2,000 ya zamani, kwa hiyo bei inayotupa namba hiyo ni 6,000 kwa dozi. Sasa unamwambia muuzaji: kwa 10,000 hatuchukui, kwa 6,000 tunachukua kesho. Umeacha kulia, umeanza kupatana. Bei ya dawa si amri ya mbinguni. Dawa za kufubaza VVU mwaka 2000 zilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mtu kwa mwaka; 2001 Cipla ya India ikatangaza 350; leo ziko chini ya 50. Sofosbuvir ya homa ya ini C ilitoka 2013 kwa dola 84,000 kwa dozi ya wiki 12 Marekani, wakati watafiti walikadiria kuitengeneza kungegharimu kati ya dola 68 na 136.

#11 Mwenye Duka, Majengo

Mimi ni wa duka la dawa muhimu, naona mambo kwa dirisha langu.

Wakati ule wa ALu za ruzuku, zenye alama ya jani la kijani kwenye boksi, watu walikuwa wanauliza kwa jina: "nipe ya jani". Ruzuku iliwekwa juu kabisa, kiwandani, ili bei ishuke mpaka kwetu huku chini. Wazo lilitoka kwenye kamati ya Marekani ya 2004 iliyoongozwa na mchumi Kenneth Arrow. Duka langu liliuza dawa mseto nyingi kipindi kile. Ila niseme ukweli wa dirishani: wengi hawakupima. Mtu ana homa, anataka ya jani, namuuzia. Ruzuku yenu nyingine ilikwenda kwenye mafua.

Na la pili, Dodoma tujisifie kidogo. Mfumo wa mshitiri, Jazia, ulianzia mkoa huu 2014 kabla nchi nzima haijauchukua. Zamani MSD, yaani Bohari ya Dawa ya serikali, wakikosa dawa, kila mganga mfawidhi anakuja mjini kivyake na hela mfukoni, ananunua bei ya rejareja, risiti za ajabu ajabu. Sasa vituo vinakusanya mahitaji, msambazaji mmoja aliyeshinda zabuni analeta kwa bei iliyofungwa. Mimi niliumia, wateja wale walikuwa wangu. Lakini kama mlipa kodi siwezi kulalamika.

#12 Mpangaji wa Makole

Mzee wa Majengo, hiyo ya "wengi hawakupima" ndiyo huwa inakosekana kwenye ripoti. Dawa iliyo nafuu kwa mwenye malaria ni hasara tupu kwa asiye nayo. Ukiweka kipimo cha haraka mbele yake, hesabu yote inabadilika. Kwa hiyo tuwe tunaitathmini dawa pamoja na njia inayomfikisha mtu kwenye dawa hiyo.

#13 Mjukuu wa Kongwa

Naongezea hapo kwenye njia. Kwetu Kongwa vikope, yaani trakoma, vilikuwa sehemu ya uzee. Bibi zetu walitembea na kibanio cha kung'olea kope zilizogeukia ndani. Watafiti wa Johns Hopkins, chuo kikuu cha Marekani, walikaa kule tangu miaka ya themanini, na kuna jaribio lao lililochapishwa 1995: baada ya vijiji kupakwa dawa ya macho, baadhi viliongezewa kampeni ya kunawisha watoto uso. Watoto waliodumu na nyuso safi walipungukiwa na vikope vikali. Maji yenyewe ya kubebwa kichwani.

Dawa ya zamani ilikuwa tetrasaiklini ya kupaka, mara mbili kwa siku wiki sita. Bei yake ndogo. Nani anamshika mtoto wa miaka mitatu amfungue jicho mara mbili kwa siku wiki sita, msimu wa kulima? Ikaja azithromaisini, unakunywa mara moja umemaliza. Ghali, lakini Pfizer wanaitoa msaada kwa ajili ya trakoma tangu 1998. Kwa upande wa karatasi dawa ni sifuri. Sasa njoo uone siku ya kugawa: gari, mafuta, fimbo ya kupimia urefu, wagawaji wa vijiji, posho, daftari, kurudi kwa waliokuwa machungani na ng'ombe. Dawa ya bure ina bili yake.

#14 Kijana wa Ng'ong'ona

Hii nimeipenda. Na kuna mfano wa kwetu wa kinyume, wa kupunguza. Chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, tulianza nchi nzima 2018 kwa dozi mbili, wasichana wa miaka 14. Mwanza ulifanyika utafiti kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, wakalinganisha dozi moja, mbili na tatu. Dozi moja ikaonyesha kinga inayotosha. WHO wakaikubali 2022, na sisi tukahamia dozi moja 2024. Kwa lugha ya mleta mada, dozi ya pili ilikuwa inaongeza gharama na karibu haiongezi kitu. Hela ile inachanja binti wa pili.

Ila kuna jambo linanikera kwenye kozi yetu: kupunguza thamani ya faida za baadaye. Kwa asilimia 3 ya kawaida, miaka 100 ya afya itakayopatikana baada ya miaka 25 inahesabiwa kama 48 tu leo. Saratani ya mlango wa kizazi inakuja miaka mingi baada ya sindano. Kwa hiyo chanjo na kinga kwa ujumla zinaingia uwanjani zimeshakatwa nusu.

#15 Zabibu Chungu

Asilimia 3? Kikoba cha mama yangu kinatoza 10 kwa mwezi. Hao wachumi waje Chang'ombe wajifunze.

#16 Mpangaji wa Makole

Hahaha. Zabibu umemaliza semina nzima. Sababu ya kukata ipo, hela ya leo ingeweza kufanya kazi nyingine na ikazaa, lakini kiwango chenyewe ni ubishi usioisha. Ninachofanya mimi ni kupiga mara mbili, kwa kukata na bila kukata, nione kama jibu linageuka. Lisipogeuka, tunaendelea na maisha.

#17 Mama Wawili, Nkuhungu

Na bima je? Toto Afya Kadi nililipa 50,400 kwa mwaka kwa huyu wa selimundu. 2023 usajili wa mmoja mmoja ukasitishwa, wakataka watoto waingie kwa makundi ya shule. Mlitueleza ni uchumi. Uchumi gani huo?

#18 Mpangaji wa Makole

Mama, mdogo wake mzima ulimkatia kadi?

#19 Mama Wawili, Nkuhungu

Hapana. Sikuwa na 50,400 nyingine.

#20 Mpangaji wa Makole

Na hukuwa na sababu ya kufanya tofauti. Kila mzazi wa Nkuhungu mpaka Kisasa alifanya hivyohivyo: aliye na mtoto mgonjwa alikata, wa mzima akasubiri. Mfuko uliopangiwa wazima 9 kumbeba mgonjwa 1 ukabaki na wagonjwa watupu. Ukipandisha bei, wazima wachache waliokuwemo wanatoka, unapandisha tena. Arrow huyo aliyetajwa juu aliandika kuhusu matatizo ya namna hii ya soko la matibabu tangu 1963. Dawa yake inayojulikana ni kuingiza watu wote, na ndiyo maana ya ile Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopita bungeni hapa Dodoma Novemba 2023. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, nayo ilikuwa inakatia kaya nzima ya watu sita kwa 30,000 kwa sababu hiyohiyo, mzima na mgonjwa kadi moja.

Lakini kujua sababu hakukupi kidonge cha wiki ijayo, hilo nalijua. Kusimamisha kitu kabla mbadala haujakaa sawa kuna gharama, na zililipwa na akina wewe. Sijaona mahali zilipoandikwa.

#21 Nesi wa Bahi

Mpangaji, kabla uzi haujazama nisaidie. Kituo chetu kina hela kidogo ya makusanyo. Friji ya kutunzia oksitosini imekufa, na hiyo sindano ya kuzuia mama asitoke damu inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Tunaiweka kwenye kibebeo cha chanjo na barafu ya kuomba. Kamati ya kituo inataka kupaka rangi jengo maana Mwenge unapita. Niseme nini kwenye kikao wanielewe?

#22 Mpangaji wa Makole

Ukurasa mmoja, dada yangu. Andika akina mama wangapi wanajifungua kituoni kwa mwezi. Andika wangapi mwaka huu walipewa rufaa kwa kutoka damu, na kila safari moja ya gari ilikula mafuta kiasi gani. Chini yake bei ya fundi wa friji. Pembeni yake bei ya rangi. Usiweke QALY, watadhani umewatukana. Mwenyekiti akiuliza Mwenge utaonaje, mwambie risala inaweza kutaja friji.

#23 Zabibu Chungu

Na wajumbe wanaowakilisha wananchi wape nakula... nakala! (simu hizi) kabla ya kikao, siyo mezani. Mtu akiiona mara ya kwanza kikaoni anakubaliana na mwenyekiti.

#24 Nesi wa Bahi

Nimempigia fundi. 180,000 pamoja na gesi. Rangi walishaletewa makadirio, laki sita na ushee. Kikao ni Jumanne, nitaleta mrejesho hapahapa.